Hamoki ndogo za watoto za kambini: mchana raha tupu, usiku mtoto halali. Tatizo ni nini?

#1 Baba Pili
Wakuu habari za jioni. Mwenye uzoefu na hizi hamoki ndogo za watoto za kwendea kambini (vile vitanda vya kitambaa vya kutundika kati ya miti miwili) aje hapa tusaidiane. Nilichukua moja kwa muuzaji wa mtandaoni, kitambaa kile cha parachuti, bluu na pembeni nyeusi, urefu mita 2, upana kama sentimita 90, imekuja na kamba mbili za nailoni na karabina mbili (vile vyuma vya kuunganishia vyenye mdomo wa kufungua na kufunga), lebo inasema inabeba kilo 120. Ukiikunja inaingia mfuko wa koti. Mtoto wangu ana miaka 7, kilo 22.
Tathmini yangu: mchana naipa 10 kwa 10. Tulienda Lushoto mwezi wa saba, kajilaza humo, kabembea, kasinzia mwenyewe bila kubembelezwa. Usiku sasa ndio balaa, kuanzia saa nane anaamka analia anataka kuingia kwenye hema, ukimrudisha dakika kumi tena analia, na hapo blanketi analo, sweta analo, soksi anazo. Kila usiku hivyohivyo. Msimamo wangu ni kwamba hivi vitu ni vya kuchezea mchana, sio vya kulala, na hawa wanaoandika "kitanda cha kambini cha mtoto" wanatudanganya wazazi. Anayepinga apinge kwa hoja.

#2 Dada wa Makete
Naweka kambi hapa. Wa kwangu ana miaka 5 kaiona kwenye simu ya shangazi yake, hanipi amani.

#3 Skauti Mstaafu
Mkuu hilo ni baridi ya chini, wala usihangaike kutafuta jingine. Lushoto iko juu zaidi ya mita 2,000 na mwezi wa saba ndio kipindi chake cha baridi. Blanketi la juu linasaidia juu tu. Kwenye godoro chini yako kuna sponji imeshika hewa, kwenye hamoki kuna kitambaa chembamba halafu upepo. Hata blanketi ukimzungushia lote, lile la chini linakandamizwa na uzito wake mwenyewe mpaka hewa yote inatoka, linabaki kama karatasi. Mchana jua lipo hasikii kitu, saa nane usiku ndio joto la mwili limeshuka, anaamka. Swali langu: chini ya mtoto uliweka nini?

#4 Baba Pili
#3 niliweka kitenge kimoja kimekunjwa. Sio karimati (lile godoro jembamba la sponji la kambini).

#5 Skauti Mstaafu
Basi jibu umejipa. Kitenge!!

#6 Mkulima wa Soni
Skauti nakuheshimu ila urefu umeukosea. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 hivi, huko unakosema wewe ni ukipanda juu msitu wa Magamba ndio unafika 2,000 na kupita. Baridi ipo kweli mwezi wa sita na wa saba, ukungu unashuka mpaka mlangoni, ila tusiweke namba za kubahatisha maana mtu atabeba majaketi ya Kilimanjaro.

#7 Skauti Mstaafu
Nimepokea mkuu, nilikuwa na Magamba kichwani. Hoja ya baridi inabaki palepale.

#8 Pwani Raha
Haibaki palepale. Mimi niko Kigamboni, mwezi wa kwanza, usiku mtu unalala na jasho, na wangu naye anaamka saa nane saa tisa ndani ya hamoki ya aina hiyohiyo. Baridi gani hiyo ya Kigamboni? Nilimuuliza asubuhi akaniambia magoti yanauma. Tatizo ni umbo, mtoto analala amejikunja kama ndizi usiku kucha, mgongo umepinda, miguu iko juu, magoti yanalazimishwa kunyooka kupita kiasi. Mtu mzima akikaa hivyo saa moja tu analalamika.

#9 Fizikia Tupu
Pwani Raha kagusa penyewe, ngoja niongeze maana hapa watu wengi wanafunga vibaya. Wanaivuta hamoki ikaze kama ngoma wakidhani ndio italala bapa. Kinyume chake. Ikikazwa sana kingo mbili zinapanda, mtoto anazama katikati anabanwa mabega, na akigeuka kidogo inampindua. Inatakiwa ilegee, kamba itoke kwenye mti ikishuka kwa pembe kama ya digrii 30 kutoka ulalo wa ardhi. Kipimo rahisi: umbali wa ncha hadi ncha ya kitambaa uwe kama asilimia 83 ya urefu wake. Hamoki ya mita 2 hiyo ni sentimita 166. Tena mtu halali sambamba na urefu wake, analala kwa mshazari, kichwa kushoto kidogo miguu kulia kidogo, ndipo mgongo unanyooka.
Na hapa ndipo hamoki za watoto zinapofeli. Upana sentimita 90 huwezi kulala mshazari, hakuna nafasi, kwa hiyo umbo la ndizi halikwepeki. Ushauri wangu, mnunulie mtoto hamoki ya kawaida ya mtu mzima mmoja, ile ya mita 2.7 kwa 1.4, uifunge chini. Ya "mtoto" ni ndogo kwa sababu kitambaa ni kidogo na bei inakuwa tamu, basi.

#10 Mama Pacha
Habari zenu. Mnaongea digrii mnamsahau mbu jamani. Kitambaa cha parachuti ni chembamba na kimembana mtoto mgongoni na mapajani, mbu anamng'ata kwa chini kupitia hapohapo, blanketi la juu halimsaidii kitu. Wangu niliwakuta asubuhi migongo yote vipele vitupu na hawakuwa wamejifunua. Anofelesi, mbu wa malaria, anauma zaidi usiku wa manane kuelekea alfajiri, hiyo saa nane mnayoisema ndio saa yake ya kazi. Kigamboni mbu wapo na Lushoto wapo. Hoja yangu inaelezea kote kuwili, ya baridi na ya ndizi zinaelezea upande mmoja mmoja.

#11 Fizikia Tupu
#10 ya ndizi inaelezea kote kuwili pia dada, umbo halibadiliki ukipanda mlima 😄

#12 Mama Pacha
Sawa mwalimu 😄 ila paka kwanza dawa ya mbu ndio upime pembe.

#13 Naivasha Kwetu
Niaje wasee. Mimi nilikuwa Naivasha na watoto wa sista yangu, na hii maneno ya kuamka usiku naijua, kumbe ni kamba. Tulifunga jioni ikiwa poa, chini yake unaweza kupitisha kiti. Usiku kukawa na umande mzito wa ziwa, kuamka napata mtoto makalio yako kwa nyasi, yaani kamba imeshuka pole pole usiku wote. Nailoni ikinyonya maji inanyooka. Kijana analia juu amelowa mgongo na amekunjika mara mbili. Baba Pili angalia asubuhi hamoki ilikuwa kimo gani, kama imeshuka, hapo ndio jibu.

#14 Mtoto wa Tanga
Nailoni inasinyaa ikilowa, hainyooki. Tumieni kamba ya katani ya kwetu, imara, tena inashika mti vizuri.

#15 Fizikia Tupu
Hapana mkuu #14, umegeuza. Katani ndio inayosinyaa ikilowa, nyuzi zinavimba unene kamba inakuwa fupi. Nailoni inanyonya maji na kuongezeka urefu, #13 yuko sahihi. Poliesta ndiyo inayotulia, ndiyo maana kamba nzuri za hamoki ni mikanda bapa ya poliesta.

#16 Mtoto wa Tanga
Aisee kweli, kamba za katani za kuanikia nguo kwa bibi zilikuwa zinakaza siku za mvua. Nimeelewa. Lakini basi si ndio nzuri, ikilowa inakaza haishuki?

#17 Mzee wa Turubai
Mtoto wa Tanga usitundike mtoto kwa katani. Katani inaoza kwa ndani, juu unaiona nzima, ukiivuta ghafla inakatika. Mimi kazi yangu ni turubai na viti vya magari, nimeletewa hizi hamoki kurekebisha mara nyingi, nitawaambia kinachokufa. Kitambaa chenyewe hakichaniki hovyo. Kinachoachia ni mshono wa kule mwisho, pale panapopita kamba. Za bei rahisi wameshona mstari mmoja, na uzi ni wa pamba au uzi wa nguo. Ukinunua geuza kile kipande cha mwisho uhesabu mistari, nataka mitatu, na uzi uwe wa nailoni au poliesta, ukivuta kwa kidole usione matundu ya sindano yanafunguka. Matundu yakifunguka kwa kidole, kwa kilo 22 zinazorukaruka itakuwaje?
Na zile karabina, zipo ambazo ni za kubebea funguo, wamezipaka rangi tu. Mara nyingine zimeandikwa kabisa kwa Kiingereza kwamba sio za kupandia, muuzaji kaziweka hivyohivyo.

#18 Dada wa Makete
Mzee wa Turubai asante. Sasa hiyo lebo ya kilo 120 tuiamini?

#19 Fizikia Tupu
Lebo inasema kilo 120 lakini haisemi kwa pembe gani. Kwa digrii 30 kila kamba inavutwa kwa nguvu sawa na uzito wa aliyelala, mtoto wa kilo 22 kila upande unapata kama kilo 22. Ukikaza mpaka digrii 10, kila upande unapata karibu mara tatu, kama kilo 63. Sasa baba mtu wa kilo 80 akae humo "kujaribu" kwa digrii 10, kila kamba inavutwa kama kilo 230. Kisha mnasema muuzaji katapeli.

#20 Baba Pili
#19 mimi sikukaa humo. Ila niliikaza, kweli, kama ngoma, ili mtoto asiguse chini. #13 asubuhi ilikuwa imeshuka, ila sio mpaka ardhini, labda kiganja kimoja na kidogo.

#21 Naivasha Kwetu
Si umeona! Kamba.

#22 Skauti Mstaafu
Kiganja kimoja hakimuamshi mtoto. Baridi inamuamsha.

#23 Mkwezi
Namna ya kupima bila mahesabu: dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Weka matatu ndani ya hamoki, hiyo ni kilo 60, karibu mara tatu ya mtoto wa Baba Pili, iache tangu jioni mpaka asubuhi nje kwenye umande. Asubuhi angalia mishono, angalia imeshuka kiasi gani, angalia karabina kama mdomo umefunguka. Ikipita ndio mtoto apande. Gharama yake ni maji tu na unayamwagia mchicha.

#24 Minnesota Mbongo
Salamu kutoka Marekani. Nimesoma wote mnajadili usingizi, hakuna aliyegusa kifo, naomba niguse. Mwaka 1996 huku tume ya serikali ya usalama wa bidhaa, CPSC, ilirudisha kutoka sokoni hamoki ndogo kama milioni tatu, zile za wavu wa uzi mwembamba zisizo na kijiti cha kutanua kule mwisho. Sababu watoto walikuwa wanajinyonga, akiingia au kutoka ule wavu unajisokota shingoni kama kamba. Walikuwa wamehesabu watoto 12 tangu 1984, wa miaka 5 mpaka 17, sio vichanga hao. Kwa hiyo ukiona mitumba ya wavu wavu pale Karume au Gikomba usimnunulie mtoto, hata ikipewa bure. Cha kitambaa kizima ni afadhali, lakini hata hicho usiache kamba zinaning'inia karibu na kichwa.
La pili ni mahali pa kufunga. 2020 kule Ohio dada wawili walikufa, hamoki ilifungwa kwenye nguzo ya matofali, nguzo ikawaangukia. Fizikia Tupu kashaeleza nguvu inavyovuta, na inavuta kwa ubavu, wakati nguzo ya tofali inavumilia mzigo wa kutoka juu. Nyumbani najua tunafunga kwenye nguzo za baraza na ukuta wa fensi. Tuache jamani, kweli tuache.

#25 Mama Pacha
Duh. Yangu iko barazani sasa hivi, upande mmoja nondo ya dirisha upande mmoja nguzo ya tofali za bloku. Naenda kuifungua.

#26 Minnesota Mbongo
Fungua dada. Tafuta mti ulio hai, shina angalau sentimita 15, mzima.

#27 Mkwezi
Na mti wenyewe usichague kwa macho. Mpapai hapana, ndani ni uwazi. Mgomba hapana, hata sio mti. Mnazi shina lake lafaa sana lakini tazama juu kwanza, nazi haikupigii hodi, na makuti makavu nayo yanashuka. Mkaratusi unaangusha matawi makubwa hata siku isiyo na upepo. Mnyaa ule wa utomvu mweupe kaa nao mbali kabisa, utomvu ukiingia jichoni kwa mtoto ni hospitali. Mwembe ndio mfalme, ila angalia kama una maji moto, wale siafu wekundu wa juu ya miti wanaoshona majani, watashuka na kamba moja kwa moja mpaka kitandani.

#28 Dada wa Makete
Siafu na maji moto ni wadudu wawili tofauti kaka. Siafu wanatembea chini kwa mstari.

#29 Mkwezi
Sawa, maji moto. Ukiumwa nao wote wanaitwa mama yangu weee.

#30 Bibi wa Chake
Hamjambo wajukuu. Sisi tumelala kwenye bembea za kanga tangu vichanga, kanga mbili mwembeni, mama yuko shambani, hatukufa. Leo mmeleta digrii.

#31 Nesi wa Zamu
Shikamoo bibi. Kwa heshima yote, kichanga asilazwe kwenye hamoki wala bembea na kuachwa. Mtoto chini ya mwaka, hasa miezi ya mwanzo, shingo haijawa na nguvu ya kutosha, kidevu kinashuka kifuani kwa sababu amelala amepinda na njia ya hewa inabanwa, halafu halii, ananyamaza tu. Alale chali, sehemu bapa na ngumu. Zamani mama alikuwa hatua chache akimwona, sasa watu wanamwacha mtoto chumbani na simu. Hawa wa miaka 6, 7 ni habari nyingine, wanaweza kushuka wenyewe, na hicho ndicho kigezo changu: kama hawezi kupanda na kushuka mwenyewe gizani, asilale humo. Ikiwa ina chandarua cha zipu, awe anaweza kuifungua kutokea ndani bila kuita mtu.

#32 Bibi wa Chake
Marahaba mwanangu. Hilo la mama kuwa karibu umesema kweli.

#33 Nesi wa Zamu
Na kuhusu kuamka saa nane, mmemsahau kitu kimoja: kibofu. Mtoto wa miaka 7 kambini amekunywa chai ya usiku, soda, supu, halafu yuko juu, giza, hajui viatu viko wapi. Nyumbani anajua njia ya choo. Pale analia kwa sababu anaogopa kushuka. Baba Pili, akiingia hemani alikuwa analala moja kwa moja au anaomba kwenda kojoa kwanza?

#34 Baba Pili
Nesi mara nyingine alikwenda haja ndogo ndio akalala, mara nyingine alilala tu hapohapo. Akifika katikati yetu haamki mpaka jua limetoka.

#35 Skauti Mstaafu
Katikati yenu kuna JOTO.

#36 Pwani Raha
Katikati yao kuna sakafu BAPA.

#37 Mama Pacha
Na hema lina NETI.

#38 Nesi wa Zamu
Na mama yupo.

#39 Mkulima wa Soni
Nimecheka mpaka mke wangu kaja kuniuliza. Ila Nesi #38 nadhani kapiga msumari. Mtoto wa mjini, msitu ule usiku una sauti, mbega akiguruma alfajiri hata mgeni mzima anashtuka. Yuko peke yake amening'inia nje, wengine wote wamejifungia hemani. Hiyo ni hofu tu. Wangu hapa Soni wanalala kwenye hamoki mbili, mmoja huku mmoja kule wanaonana, wanapiga stori mpaka wanalala, hawaamki. Na baridi ni ileile.

#40 Skauti Mstaafu
Wako wanalalia nini chini?

#41 Mkulima wa Soni
Ngozi ya kondoo 😁

#42 Skauti Mstaafu
Nimemaliza.

#43 Msomaji Kimya
Niliwahi kusoma kwamba hamoki asili yake ni wenyeji wa Karibea, Columbus alizikuta 1492, na mpaka leo Yucatán kule Mexico na kaskazini mashariki mwa Brazili watu wanalala humo maisha yote, watoto na wazee. Kwa hiyo Baba Pili huwezi kusema sio kitu cha kulala. Labda hiki cha kwako ndio sio.

#44 Fizikia Tupu
Naam, na zile za Yucatán ni za kufumwa, pana sana, wanalala mshazari mpaka karibu kukingama. Sentimita 90 kule wangeishangaa.

#45 Minnesota Mbongo
Na kule ni joto, Skauti atasema.

#46 Naivasha Kwetu
Swali lingine kabla hamjafunga hii. Naenda Tarangire na hao watoto, hamoki yangu pia ni bluu na nyeusi. Ni sawa kulala nje?

#47 Mkwezi
Ndani ya hifadhi usiku mtoto alale hemani zipu imefungwa, hakuna mjadala, kuna simba na fisi na tembo. Na hata mchana hiyo rangi iache nyumbani. Ukipita kule utaona vitambaa vya bluu na nyeusi vimetundikwa kwenye miti kando ya njia, hiyo ni mitego ya mbung'o, wanaipenda mno rangi hiyo. Utakuwa umemlaza mtoto ndani ya mtego. Tafuta ya kaki au kijani kilichofifia. Na huko Naivasha kiboko anatoka ziwani usiku kula majani, kwa hiyo na kule usifunge karibu na maji.

#48 Naivasha Kwetu
Hiyo ya mbung'o sikuwa najua kabisa, thanks sana.

#49 Baba Pili
Wakuu nimewasoma wote. Hakuna mliyekubaliana, ila mwezi wa nane tunarudi na mpango wangu ni huu: nachukua ya mtu mzima ya 2.7, karimati ndani, dawa ya mbu, naifunga jirani kabisa na mlango wa hema, ikiwa imelegea, kimo cha kiti cha kulia chakula, chini nimeondoa mawe na visiki. Mzee wa Turubai hiyo ndogo nakuletea uongeze mistari ibaki ya mchana.

#50 Pwani Raha
Ukibadilisha vyote kwa pamoja na akalala, tutajuaje nani alikuwa sahihi? Badilisha kimoja kimoja.

#51 Mama Pacha
Pwani Raha mtoto wa watu sio panya wa maabara, aweke vyote.

#52 Dada wa Makete
Hiyo mikanda bapa ya poliesta inapatikana wapi? Madukani naona kamba za nailoni tu.

#53 Mzee wa Turubai
Nenda kwa wauza vifaa vya malori, Kariakoo wapo, ulizia mikanda ya kufungia mizigo, ile ya sentimita 5. Mwambie unataka poliesta, sio nailoni. Kile chuma cha kukazia mwambie abaki nacho, mwache akukatie mkanda mtupu mita 3 kwa kila upande, kisha mpelekee fundi wa viatu akushonee kitanzi mwisho kwa mshono wa msalaba ndani ya mraba. Ni mpana kwa hiyo hata gome la mti haukati.